Mshale wa Fundi

Mshale ulikuwa unatembea wenyewe kwenye kioo kama mende, na mjukuu wangu mikono kaiweka mapajani. Mimi kompyuta siijui, hata simu yangu ananiwashia yeye, lakini hilo nililiona.

Kumbe ni fundi wa ofisini kwao, yuko huko huko mbali, anaiendesha huku anaongea naye kwa simu iliyowekwa spika mezani.

"Dada, faili halifunguki kwa sababu nakala za muda zimeharibika. Nazifuta."

"Subiri, kaka. Ripoti yangu iko humo humo, haijafika ofisini. Na bosi kasema nisipoileta leo, nisirudi kazini."

"Nimeshafuta, dada. Jaribu sasa."

Faili likafunguka, jepesi kabisa. Juu kichwa cha habari, chini kweupe. Akashusha ukurasa, akashusha tena, kweupe tu.

Nikamtania, kama kawaida yetu: "Mke wangu, labda maneno bado yako njiani."

Hakucheka.

"Si limefunguka?" fundi akauliza. "Sema basi nifunge kazi yako, wenzako wananisubiri."

Mjukuu wangu akaiangalia ile mikono yake.

"Limefunguka," akasema.