Punje Chini ya Ulimi

Faruku alikuwa na hakika kwamba Mkongo hajameza.

Walikuwa wamechanjiana udugu wa damu nyuma ya duka, hapo Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo: tunda moja la kahawa, punje mbili, kila mmoja atie kinywani iliyopakwa damu ya mwenzake, aimeze; asiyemeza si ndugu. Baadaye wangevusha gunia la kahawa ya magendo, na magendo mwaka ule yalikuwa kosa la kuuawa.

"Umemeza, ndugu?"

"Nimemeza. Na weye?" Shavu la Mkongo lilituna kama la nyani aliyeiba mahindi.

Faruku akaitikia kwa kichwa tu. Damu kwa Mwislamu ni haramu. Punje yake ilikuwa chini ya ulimi, ina ladha ya msumari.

Mara askari akazunguka pembe ya duka, akalipiga gunia teke. Akamwelekezea Mkongo bunduki.

"Wewe! Unajua huyu mutu?"

Koo la Mkongo likapanda, likashuka, kwa mlio ambao, wallahi, ulisikika mpaka Kilembe. Kumbe ndiyo kwanza anameza.

"Iko ndugu yangu, afande. Gunia iko yangu, hapana yake."

Bunduki ikageuka polepole.

"Na wewe? Huyu iko ndugu yako?"

Faruku akafungua mdomo. Punje ikagonga jino.