Sauti Nyuma ya Wimbo wa Tisa

Sanga alikuwa amejifungia chumbani tangu asubuhi, magodoro yameegemezwa ukutani, feni imezimwa isije ikasikika kwenye rekodi. Wimbo wa tisa, wa mwisho katika albamu aliyoitengeneza peke yake, ulikuwa umekubali kurekodiwa vizuri mara moja tu. Jasho likimtiririka chini ya hedifoni, akausikiliza tena.

Nyuma ya gita, ndani ya rekodi hiyo, akasikia sauti ya mkewe, upande wa pili wa mlango, akizungumza kwa simu.

"Mama, kesho narudi Kaloleni. Hapa naishi na mlango."

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Lakini hakuwahi kuimba vizuri namna ile.

Mlango ukagongwa.

"Baba Kabibi, chakula tayari," mkewe akasema kwa upole. "Wimbo umetoka vizuri?"

"Umetoka," akajibu Sanga, akabonyeza kuhifadhi.