Mwalimu Mgeni

Tabasamu la Bi. Seo lilikatika katikati Kendi alipoingia mlangoni. Mkono aliokuwa ameshaunyoosha ulisita hewani, kisha ukarudi mezani.

"Wewe ndiye Mwalimu Kendi? Tuliyezungumza naye kwa simu?"

"Ndiye mimi, madam."

Kwa simu mambo yalikuwa matamu. Bi. Seo, Mkorea mwenye kituo cha kufundisha Kiingereza hapa Al Sadd, mtaa wa Doha, alimsifia sauti, akamsifia matamshi, akasema watoto wa wahandisi wa Kikorea walihitaji mtu kama yeye hasa. Sasa alikuwa akimwangalia kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza.

Kendi alijifanya hakuona. Shule aliyokuwa akifundisha ilikuwa imefungwa, kibali chake cha kukaa Qatar kilikuwa kinaisha Alhamisi, na bila kafili mpya, mwajiri wa kumdhamini, angepandishwa ndege kurudi Kenya. Na Kenya angerudi kwa nani? Mwalimu Edith wa Meru ndiye aliyemchukua akiwa mtoto wa kubebwa, ajali ilipowaua wazazi wake, watu waliokuwa wageni mjini na ambao hakuna aliyewajua ndugu zao. Edith alimpa jina la mama yake mwenyewe, akamlea, akamsomesha. Walimzika mwezi Machi, Kendi akatazama mazishi kwenye simu. Ndugu za Edith waligawana nyumba kabla matanga hayajaisha.

Tayari shule mbili za Doha zilikuwa zimemkataa. Moja ilitaka pasipoti ya Uingereza au Marekani. Nyingine ilimwambia bila aibu kwamba picha yake haitavutia wazazi kwenye tangazo.

"Nipe kipindi kimoja tu," aliomba. "Baada ya hapo uamue."

Bi. Seo alitupa jicho kwenye kioo kilichotenganisha ofisi na mapokezi. Huko nje walikuwa wameketi wazazi kadhaa, na kando yao Kwamboka, mfanya usafi wa hoteli aliyemgawia Kendi nusu ya kitanda chake kule Al Rayyan. Leo ilikuwa siku yake ya kupumzika, lakini aliamka akamsindikiza mwenzake asije akavunjika moyo njiani.

"Haya. Kimoja."

Kendi alifundisha kama mtu anayepigania pumzi. Aliligeuza darasa kuwa soko, watoto wakauziana ndizi za kufikirika na kugombania bei kwa Kiingereza, hadi yule aliyekuwa kimya kuliko wote akapaza sauti kwamba anaibiwa. Kasichana kamoja kalimvuta mkono, kakamnong'oneza kitu kwa Kikorea. Kendi akatikisa kichwa. Hakuelewa hata neno moja. Kasichana kakabaki kumkodolea macho.

Nyuma ya kioo wazazi walianza kunong'onezana. Mama mmoja aliinuka akamwita Bi. Seo kando.

Kipindi kilipoisha, walirudi ofisini.

"Sijawahi kuona mwalimu kama wewe," Bi. Seo alisema, macho kwenye meza. "Lakini wazazi wamekuona."

"Wameona nini?"

"Wamekuona."

Kendi alikuwa amejiapiza kwamba hatalia. Akalia.

"Nitavaa barakoa, madam. Kila siku. Nitavaa na miwani ya jua, nitawaambia watoto macho yananiuma. Ama nifundishe kwa simu, wasinione kabisa. Si sauti yangu uliipenda? Jioni nitaosha hata vyoo. Niandikie kibali tu."

"Usijidhalilishe hivyo, tafadhali."

"Sina pa kwenda, madam. Sina."

Bi. Seo alimsogezea karatasi za kupangusia machozi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yule dada uliyekuja naye. Anajua Kiingereza?"

"Kwamboka? Anajua. Lakini si mwalimu. Hajawahi kusimama mbele ya darasa."

"Atajifunza. Wazazi walipomkuta pale walidhani ndiye mwalimu mwenyewe. Walifurahi sana."

Kendi angeweza kusema Kwamboka tayari ana kazi. Badala yake alikumbuka vidole vya Kwamboka vilivyobabuliwa na dawa za kusafishia, na jinsi alivyomwachia upande wa ukutani kila usiku ili alale bila kuanguka. Akajipangusa uso, akafungua mlango.

"Kwambo, njoo. Kuna kazi yako hapa."

Kwamboka aliingia, akasikiliza maelezo yote akiwa amesimama, mkoba kifuani.

"Ichukue," Kendi alimwambia. "Mimi Alhamisi naenda. Acha angalau nikuache mahali pazuri."

"Wacha hizo, Kendi." Kwamboka alimgeukia Bi. Seo. "Madam, huyu ana digrii. Mimi natandika vitanda. Sisi wote ni Wakenya, tena Kiingereza chake kinashinda changu mbali sana. Kama uso wangu unafaa, wake una makosa gani?"

Bi. Seo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akanyoosha mkono, akaligusa shavu la Kendi taratibu, kama shangazi.

"Wewe ni mgeni, kila mtu anaona," akamwambia Kwamboka. "Lakini huyu? Ni mzazi gani wa Kikorea atakayekubali mwanawe afundishwe Kiingereza na Mkorea mwenzake?"