Asali ya Wakwe wa Moshi

"Mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa," redio ilirudia. Kithinji akaizima kwa kofi.

Mtungi wa asali ya mahari ulikuwa umekaa mlangoni kwake Githongo, upande wa Kenya, mdomo umefungwa kwa ngozi ya mbuzi. Kwa desturi, wa kuufungua ni baba wa bibi harusi, naye yuko Moshi, Tanzania. Miaka yote ya nyuma treni, barua na ndege vilikuwa vya Jumuiya moja ya nchi hizi. Leo hata asali haivuki.

"Tungoje, mzee," mkewe alisema.

"Wakubwa wa serikali wakinuniana, mtoto naye atangoja tumboni?"

Mchumba wa mwanawe, mja mzito, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Kithinji alimwita, akamkabidhi kisu.

"Upande huu wa mpaka, mtu wa kwenu ni wewe tu. Fungua."