Spiriti ya Kusafishia Rada

Makombora matano ya Marekani yalipowaka kwenye rada, Meja Yevdokimov alinikaba ukosi mimi, fundi wake.

"Asubuhi umefuta nyaya kwa kitu gani?"

"Kwa spiriti, Ndugu Meja, kama kanuni inavyosema."

"Nipulizie, mbwa wewe!"

Nikapuliza. Naapa, hata picha ya kiongozi pale ukutani ilikunja pua.

"Spiriti yote imo tumboni mwako! Nyaya je?"

"Nilifuta kwa maji," nikasema. "Ya bomba."

Simu ya Moscow ikalia. Akaipokea bila kuniachia.

"Ndugu Jenerali, msirushe chochote. Hakuna kombora. Mtambo umepiga shoti kwa maji."

"Una ushahidi gani, mpumbavu? Ukikosea, nchi nzima inateketea!"

"Ushahidi unaninukia hapa mbele yangu."

Akabamiza simu, akaitazama saa. Kama makombora yalikuwa ya kweli, yangefika baada ya dakika kumi na mbili.

"Mshenzi mkubwa," akanikoromea, ngumi ikizidi kunikaba koo. "Omba hayo maji yawe yameharibu kila kitu."

Asubuhi ile nilikunywa, nikalala. Nyaya sikuzigusa kabisa.