Popo wa Nyumba ya Kitwa

Kitwa alikuwa juu ya ngazi, akitokwa machozi kwa moshi wa pilipili, na popo walikuwa wakichomoka darini mwake mmoja baada ya mwingine. Kila tundu walilotokea alilipaka lami aliyoiombaomba kwa watu wa reli. Waliochelewa walijisukuma humo humo kwenye lami, wakaruka wamechafuka.

"Sasa batakwenda wapi?" aliuliza Philémon, jirani yake katekista, aliyemshikia ngazi.

"Kule bote banapenda. Bamekula bibi yangu, inatosha."

Bibi huyo, mkewe Dorothée, alikuwa amezikwa majuzi tu. Homa, macho ya manjano, mkojo ukakatika. Ukoo ulishaanza kunong'ona habari za uchawi, lakini Mama Phébé, mwuguzi wa mtaani, aliwafunga midomo.

"Hakuna mulozi hapa. Njo mikrobe. Popo banakojoa mu dari, mukojo inaanguka mu mayi, muntu anakunywa."

Kitwa akabaki na binti mmoja, Exaucée, na akaapa kwamba huyu hatachukuliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Pera lenye alama ya jino halikuvuka mlango wake. Maji ya kisima aliyachemsha, akayachemsha tena, mpaka majirani wakamtania kwamba siku moja atamchemsha na mtoto.

Na kila asubuhi, kabla ya shule, alimmiminia Exaucée kutoka kwenye chupa kifuniko kimoja cha maji ya baraka, kama marehemu alivyozoea kumfanyia. Padre aliyabariki ndani ya pipa lililokaa chini ya paa la kanisa dogo, ng'ambo ya barabara. Yalikuwa maji ya mvua, hayajagusa udongo wa mtu.

Asubuhi moja mtoto alikunja uso. "Papa, iko na harufu."

"Njo mabati ile. Kunywa, mama."

Haikupita muda, macho ya Exaucée yakageuka manjano.

Mama Phébé alimchoma sindano, kisha akamgeukia baba. "Unachemshaka mayi?"

"Yote, Mama Phébé. Hata ya kunawa."

"Na popo?"

"Hata moya haiko."

Mwuguzi alitikisa kichwa, akaongeza dawa. Kitwa naye akaongeza yake: badala ya kifuniko, kikombe kizima, kijiko baada ya kijiko, akisali kwa sauti. Exaucée alimeza yote, maana alikuwa mtoto mtiifu. Hakuamka tena.

Siku ya mazishi Kitwa hakutaka mtu mwingine ateke maji ya kunyunyizia jeneza. Aliona hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyobakiwa nayo kama baba. Alivuka hadi ubavuni mwa kanisa na chupa yake ile ile, akainama juu ya pipa, moyo umemwisha.

Ndani, akina mama walianza wimbo wa kuaga. Ngoma zikaingia kwa nguvu, mabati yakatetemeka. Juu ya kichwa chake kitu kikakwaruza, na ghafla popo wakamiminika mchana kweupe kutoka chini ya paa la kanisa, kundi zima.

Mmoja hakuweza kuruka vizuri. Alianguka ukingoni mwa pipa, akatandaza bawa lake, na bawa lile lilikuwa limegandwa na lami.