Sauti ya Mtaa Mzima

Tangu masomo ya kuimba na kuvuta pumzi mtandaoni yawe lazima kwa kila mtu, Mwanakheri hakuugua tena pumu. Mwalimu mmoja aliwafundisha wote, hadi mtaa mzima ukawa na sauti moja, laini kama tui.

Asubuhi hiyo mwanawe Rukia, wa miezi mitano, alilia chumbani. Mwanakheri akaacha kukuna nazi, akakimbilia huko. Kabla hajafika, jirani alianza kumwimbia mtoto wake mwenyewe upande wa pili wa ukuta. Rukia akanyamaza, akaugeukia ukuta, akacheka.

"Leo umemweza, Mama Rukia!" mumewe akasema kutoka barazani.

Mwanakheri hakuwa amefungua kinywa. Akaingia chumbani, akamwinamia mwanawe, akaitafuta sauti yake ya zamani, ile ya kukwaruza. Alipoipata, Rukia akashtuka, akaangua kilio.